Kupima maji ya kinamasi: mwongozo kutoka Bahi

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima maji ya kinamasi cha Bahi, mkoani Dodoma, nilifika ukingoni saa tisa alasiri, nikatumbukiza kipimo cha oksijeni, kikasoma miligramu 9 kwa lita. Nikamwambia mzee mmoja mvuvi kwamba maji yako salama, samaki hawana shida. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, njoo kabla jua halijatoka."

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, nilimkuta kwenye mtumbwi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, pima sasa."

Perege walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Kipimo kilekile, mahali palepale, kilisoma 1.2. Niliona aibu, na mpaka leo namshukuru mzee yule. Mchana majani na mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku kila kiumbe kilichomo, mimea yenyewe na bakteria wa kwenye tope wakiwemo, hukaa kuitumia tu. Namba yangu ya alasiri haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya alasiri, na samaki walikuwa wanateseka alfajiri.

Mwongozo huu nimeuandikia mwalimu mwenye klabu ya mazingira, kikundi cha wavuvi, ofisa ugani, au kijana yeyote wa Dodoma na Singida anayeishi karibu na mbuga, lambo au kinamasi na anataka kujua maji yake yakoje.

Kijue kwanza kinamasi chako

Maji ya Bahi huingia zaidi kwa Mto Bubu, unaoteremka kutoka upande wa Kondoa. Yakishaingia hayana njia ya kwenda baharini; ndiyo maana eneo lile limo ndani ya Bonde la Kati. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na jua la Dodoma lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara mbili ya hizo. Maji hupanda kuwa mvuke, chumvi inabaki. Maji yakipungua nusu kwa jua peke yake, chumvi kwenye kila lita huwa karibu mara mbili. Kwa hiyo maji ya Machi na maji ya Septemba, hata ukiyachota kwenye kigingi kimoja, ni maji mawili tofauti, na kuyalinganisha bila kutaja mwezi ni kumdanganya anayekusikiliza.

Hombolo ni habari nyingine. Lile ni bwawa la miaka ya 1950 kwenye Mto Kinyasungwe, na maji ya mto huo huelekea Mto Wami hadi baharini. Hata hivyo nako chumvi inajulikana. Ukija Singida, maziwa ya Singidani na Kindai yana chumvi kiasi kwamba mgeni huigundua kwa ulimi. (Usipime kwa ulimi. Nitalirudia hili.)

Hatua ya 1: Amua unamjibu nani

Mvuvi anauliza oksijeni. Mkulima wa mpunga anauliza chumvi. Mfugaji naye anauliza chumvi, ila ng'ombe huvumilia kuliko mpunga. Mama anayechota kwenye kisima kilichochimbwa ukingoni anauliza vimelea vya kinyesi na floraidi. Ukitaka kupima kila kitu siku moja utamaliza fedha na betri, na utarudi na namba nyingi zisizomsaidia mtu. Andika swali juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, halafu pita ofisi ya mtendaji wa kijiji ujitambulishe. Mtu anayezungukia maji ya watu na chupa huzua maneno, na wana haki ya kuuliza.

Hatua ya 2: Vifaa

Kipimo cha pH (uchachu au umagadi wa maji), kipimo cha upitishaji umeme (vingi vimeandikwa EC; ndicho kinachoonyesha chumvi) na kipima joto. Siku hizi vitatu hivi huja katika kifaa kimoja cha mkononi. Cha oksijeni ni ghali zaidi. Kikundi kinaweza kuchangishana. Ongeza chupa za plastiki za nusu lita zenye vifuniko vizuri, boksi la barafu, fimbo ndefu ya mita mbili, kamba, buti ndefu za mpira, glavu, penseli na daftari gumu. Penseli, si kalamu ya wino: tone moja la maji likidondokea wino, asubuhi nzima ya kazi imeondoka.

Utahitaji pia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotolewa chumvi, ya kusuuzia vipimo. Madukani hupatikana kama maji ya kuongezea betri, ila hapa uwe makini sana, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo hukaa asidi ya betri na watu huziita zote mbili "maji ya betri". Mwambie muuzaji unataka maji matupu, kisha soma lebo. Kipimo cha EC kikitumbukizwa humo kinatakiwa kisome karibu na sifuri.

Hatua ya 3: Sawazisha vipimo usiku wa kuamkia safari

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote.

pH husawazishwa kwa vimiminika viwili vyenye thamani inayojulikana, 7.00 na 10.01 kwa maji yetu ya magadi na chumvi, 4.01 ni ya maji machachu, ambayo huku ni nadra. EC husawazishwa kwa kimiminika cha 1413, yaani maikrosimensi 1,413 kwa sentimita katika nyuzi joto 25. Mimina kidogo kwenye kikombe, tumia, mwaga. Usirudishe kwenye chupa.

Kile kipira cha kioo kwenye ncha ya kipimo cha pH hakitakiwi kukauka. Joto la Dodoma na kifuniko kisichobana hukiua ndani ya siku chache. Kitunze kwenye matone ya kimiminika chake cha chumvi (kloridi ya potasiamu). Usikiweke kwenye maji yaliyokenekwa, kwa kuwa hunyonya chumvi ya ndani ya kipimo. Na usikiache kwenye kiti cha pikipiki juani.

Kipimo cha oksijeni kina jambo lake la ziada: mwinuko. Huku tuko juu, Bahi ni zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari na Dodoma mjini ni zaidi ya 1,100, kwa hiyo hewa ni nyepesi na maji hushika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni pwani huwa na miligramu 8.3 kwa lita. Bahi ni kama 7.5. Kifaa kikiuliza mwinuko, kiambie.

Hatua ya 4: Chagua vituo, usivihame

Vinne au vitano vinatosha. Kwa Bahi mimi ningechukua mdomo wa mto, katikati palipo wazi, kwenye matete mazito, mahali mifereji ya mashamba ya mpunga inapomwagia, na mahali ng'ombe wanakunywa. Piga kigingi au chukua alama ya mahali kwa simu. Maji yanapokauka ukalazimika kusogea, andika umesogea hatua ngapi na upande gani. Usichague kituo kwa sababu ni rahisi kufikika. Karibu na barabara utapima barabara.

Hatua ya 5: Chota bila kuamsha tope

Kinamasi ni kifupi, pengine magotini, na chini yake kuna tope jeusi laini linalosubiri mguu. Ukiingia kwa fujo, unachochota ni chakula cha miaka mitano kilichooza, halafu utatangaza maji ni machafu.

Fanya hivi. Simama ukingoni au ndani ya mtumbwi. Kama ni lazima uingie, ingia polepole, simama, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka wingu la tope lililoamka litulie. Funga chupa kwenye ncha ya fimbo, nyoosha mkono mbali na ulipokanyaga. Penye mkondo, uso wako uelekee maji yanakotoka. Ingiza chupa mdomo ukiwa chini hadi kama sentimita 20, igeuze hapohapo ijae, ili usichukue utando wa juu. Penye kina cha sentimita 20 tu, chukua katikati ya kina na uandike hivyo.

Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kituo hichohicho, uyamwage nyuma yako. Chupa ya vimelea peke yake ndiyo haisuuzwi, kwa kuwa imetakaswa, na haijazwi mpaka juu. Achia nafasi ya vidole viwili. Nyingine zote zijaze pomoni.

Kituo kimoja katika kila safari chota chupa mbili, sio moja. Majibu yakitofautiana sana, tatizo liko kwenye mikono yako, bora ulijue mapema.

Kuhusu usalama wako: maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Vaa buti na glavu, ukilowa jifute haraka kwa kitambaa kikavu. Usiende peke yako. Na mawingu mazito yakionekana upande wa Kondoa, usivuke korongo lolote hata kama juu yako ni jua tupu.

Hatua ya 6: Pima papo hapo

Joto na oksijeni kwanza, kisha pH, kisha EC. Hizi hazisubiri nyumbani. Maji yakikaa kwenye chupa yanabadilika.

Kipimo cha oksijeni kitumbukize kwenye kinamasi chenyewe, usitumie ndoo, maana kumimina maji kunayaongezea hewa. Kitikise taratibu. Subiri namba itulie, na kama haitulii baada ya dakika tatu andika inachezacheza kati ya ngapi na ngapi.

Usiye na kifaa cha oksijeni una njia ya kemikali ya zamani, ya kuaminika kabisa, na mimi huipenda kwa sababu unaiona oksijeni kwa macho. Chupa ya kioo ya mililita 300 hujazwa bila povu. Unadondoshea chini ya uso wa maji mililita 1 ya manganizi salfeti, kisha mililita 1 ya mchanganyiko wa aidaidi na alkali, unafunga, unageuzageuza. Kukiwa na oksijeni, chembe za rangi ya kahawia huzaliwa ndani ya chupa na kuteremka kama theluji chafu. Zikiwa nyeupe, hakuna oksijeni. Nimewahi kuona nyeupe kwenye matete mazito ya Mei, alfajiri, na wanafunzi niliokuwa nao walinyamaza kimya. Baada ya chembe kutulia huongezwa asidi kali ya salfa mililita 1, maji yanakuwa ya njano, na kupima kwenyewe kunaweza kusubiri saa chache gizani. Kwa mililita 200 za maji hayo, kila mililita 1 ya thiosalfeti ya 0.025 M ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Kazi hii ifanywe na mwalimu wa kemia au mtu wa maabara. Asidi ile si ya kuchezewa na watoto.

pH ya kinamasi hupanda mchana, pengine hadi 9, kwa sababu mwani unakula hewa ya kaboni iliyomo majini. Namba hiyo peke yake si ushahidi kwamba mtu amemwaga kitu. Ila inakuwa na hatari pale penye mbolea au kinyesi kingi cha ng'ombe, kwa kuwa amonia hubadilika. Katika pH 7 sehemu yake yenye sumu kwa samaki haifiki asilimia 1; katika pH 9 na joto la nyuzi 28 ni zaidi ya theluthi. Amonia ileile, saa tofauti.

EC ndiyo rahisi kuliko zote: tumbukiza, toa mapovu kwa kugongagonga, soma. Hakikisha kifaa kinarekebisha kwa nyuzi 25, la sivyo kila nyuzi moja inakuongopea kama asilimia 2.

Ukungu wa maji, yaani jinsi tope linavyoyazuia kuwa maangavu, pima kwa bomba refu la uwazi lenye alama nyeusi na nyeupe chini: mimina maji mpaka alama ipotee, andika sentimita. Jambo moja tu, usifanye ukiwa umevaa miwani ya jua.

Rudia vituo vyote alfajiri na alasiri ya siku hiyohiyo. Ukikosa nafasi ya mara mbili, chagua alfajiri.

Hatua ya 7: Vya kupeleka maabara

Vimelea vya kinyesi, naitreti, fosfeti na floraidi. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Dodoma. Zungumza nao kabla ya kuchota, uwaulize siku wanazopokea na chupa wanazotaka. Chupa ya vimelea iwe kwenye barafu, nyuzi kama 4, ifike ndani ya saa 6 na isizidi 24. Mimi nilishapoteza sampuli za siku nzima kwa kuziacha zilale stendi kwenye boksi ambalo barafu ilikuwa imekwisha. Majibu yalitoka yakiwa na bakteria wa kutisha, na sikuweza kumwambia mtu yeyote kama walitoka kinamasini au walizaliana njiani. Safari nzima ikarudiwa.

Kuna vichupa vya bei nafuu vinavyogeuka vyeusi penye bakteria wa kinyesi. Kwa kisima vinasaidia. Kwa maji ya kinamasi usiviamini: tope lenye harufu ya mayai viza tayari lina gesi inayogeuza kichupa kuwa cheusi, hata kama hakuna kinyesi.

Dawa za mashambani hazipimwi kwa kifaa cha mkononi. Anayekuuzia kifaa akisema kinapima, usinunue.

Hatua ya 8: Soma namba kwa kumfikiria mwenye swali

Kwa umwagiliaji, mwongozo wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) unasema EC chini ya maikrosimensi 700 haina tatizo, kati ya 700 na 3,000 inahitaji uangalifu, zaidi ya hapo ni hatari. Mpunga huanza kupunguza mavuno maji yakifika kama 2,000. Ng'ombe hunywa hadi 5,000 bila taabu kubwa. Kwa hiyo maji yaleyale ya Agosti yanaweza kuwa mabaya kwa jirani mmoja na mazuri kwa mwingine, na ukisema tu "maji ni mabaya" umewagombanisha bure.

Kwa samaki, oksijeni ya 5 kwenda juu ni raha, chini ya 3 ni mateso.

Kwa kunywa, vimelea vya kinyesi viwe sifuri katika mililita 100. Floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ndivyo linavyoelekeza Shirika la Afya Duniani, na kwenye mikoa yetu ya kati visima vingi vina shida hiyo. Wale watoto wenye meno yenye madoa ya kahawia siyo kwamba hawapigi mswaki. Kuchemsha kunaua vimelea lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inakolea. Waambie akina mama mambo haya mawili kwa pamoja, maana ukisema "chemsheni" peke yake utaeleweka vibaya.

Samaki wakifa

Angalia kambale. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo oksijeni ikikatika majini perege hufa na yeye hubaki. Vifo vya kukosa oksijeni hutokea alfajiri na huanza na samaki wakubwa. Ukiona kambale, vidagaa na vyura wamekufa pamoja, tena mchana, shuku sumu. Hapo usingoje ratiba yako: jaza chupa ya kioo ya lita 1 au 2, ifunge gizani kwenye barafu, funga samaki wawili watatu kwenye karatasi ya aluminiamu, andika saa, na toa taarifa kwa ofisa uvuvi, kijiji na bodi ya maji ya bonde. Kwa Bahi ni Bonde la Kati, ofisi yake iko Singida. Kwa Hombolo ni Wami/Ruvu. Samaki hao wasiliwe, hata kama wanaonekana wazima. Na maji hayo hayaonjwi.

Daftari

Kila mstari uwe na tarehe, saa, kituo, kina cha maji, joto, oksijeni, pH, EC, ukungu, hali ya mawingu na upepo, siku ya mwisho mvua kunyesha, ng'ombe walikuwepo au hapana, na jina la aliyepima. Usifute namba iliyokosewa. Ipige mstari mmoja isomeke, andika sahihi pembeni. Piga picha ya ukurasa kabla hujaondoka ukingoni.

Mara moja kwa mwezi inatosha, ila Novemba hadi Januari nenda kila wiki ukiweza. Mvua za kwanza huosha kinyesi na mabaki yote ya kiangazi kwa mara moja, na hizo ndizo siku ambazo perege huonekana wakihema.

Majibu yabandikeni kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa maandishi makubwa, kituo kwa kituo. Bahi sisi huandika hivi: "Mdomo wa mto, Jumanne, saa 12:10 asubuhi, oksijeni 3.4, saa 9:00 alasiri, oksijeni 8.1." Mzee yule mvuvi hasomi vizuri siku hizi, macho yamechoka, lakini hupita na kumwomba mtoto wa shule amsomee ile ya asubuhi.